p53 asilimia 70, je mjomba ana muda gani?

Hiyo meseji iliingia kwenye simu yangu saa nne usiku, imetoka kwa binamu yangu, chini yake kaambatanisha PDF ya kurasa tatu kutoka hospitali moja huko India ambako mjomba alienda kukatwa uvimbe wa ulimi. Ukurasa wa tatu ulikuwa na kijedwali cha protini tatu zilizopimwa kwenye uvimbe: p53 imeshika 70%, Ki-67 40%, p16 hasi. Grupu la familia la WhatsApp lilikuwa limeshakaa kikao na kukubaliana kwamba ile 70 ndo uwezekano wa mzee kufariki, mmoja akabisha akasema hapana, hiyo 70 ni ya kupona, na hapo ndo ugomvi ulipoanza maana kila upande ulikuwa na shangazi wake.

Pande zote mbili zilikuwa zimekosea. Mi nimekaa miaka kadhaa kwenye maabara ya patholojia kabla sijahamia kwenye kuandika, slaidi za namna hii nimezipaka kwa mikono yangu, na ninachotaka kusema leo ni kwamba hivi viashiria vya protini vinavyotajwa kila siku kwamba vinatabiri maisha ya mgonjwa wa kansa ya mdomo, karibu vyote havijafika huko. Sio kwamba ni uongo. Protini zipo, rangi inaonekana, baiolojia yake ni ya kweli kabisa. Kilichoharibika ni namna zilivyopimwa na namna majibu yalivyotangazwa, na mgonjwa anauziwa namba ambayo daktari wake mwenyewe haitumii kuamua chochote.

Tuanze na ile 70 basi, maana hapo ndo penye utamu. Kinyama kikitolewa kwa mgonjwa kinatumbukizwa kwenye formalini, dawa ya kukihifadhi kisioze, kisha kinafunikwa na nta kinakuwa kama kipande kidogo cha sabuni, kinakatwa vipande vyembamba mno, mikroni 3 au 4 hivi, kinabandikwa kwenye kioo. Halafu unakimwagia antibodi iliyotengenezwa maabara kuitafuta protini moja tu, ikiipata inaing'ang'ania, unaongeza kemikali, pale iliponasa panageuka rangi ya kahawia na kwingine kote panabaki bluu. Mtu anakaa kwenye hadubini anahesabu au, tuseme ukweli, anakadiria kwa macho: kati ya seli mia za kansa ngapi zina kiini cha kahawia. Sabini. Basi. Hiyo ndo 70% ya mjomba, ni hesabu ya seli zilizoshika rangi, haihusiani na siku wala miaka.

Na p53 yenyewe ina ukorofi wake. Imegunduliwa mwaka 1979 na kazi yake kwenye seli nzima ni kama askari wa zamu, DNA ikiharibika anaisimamisha seli isigawanyike mpaka itengenezwe, na kama haitengenezeki anaiamuru ife. Seli yenye afya inaitengeneza protini hii na kuivunja haraka sana, dakika 20 hivi nusu imeshaondoka, kwa hiyo ukipaka rangi nyama isiyo na ugonjwa unaona kidogo tu. Jeni lake likiharibika kwa namna fulani ndo inatoka protini mbovu isiyovunjika, inajirundika, slaidi inakuwa kahawia tupu. Yaani ile kahawia nyingi ni askari walioacha kazi ila wamejazana getini na sare zao.

Ila subiri. Kuna uharibifu mwingine wa jeni hilohilo ambao unakata kabisa utengenezaji, protini haitoki hata tone, slaidi inakuwa safi kama ya mtu mzima wa afya, tena safi kupita kiasi. Kwa hiyo 0% inaweza kuwa mbaya sawasawa na 70%, na ukiangalia tafiti za zamani nyingi utakuta walichora mstari kwenye 10% wakasema juu ya hapo ni chanya na chini ni hasi, kwa maana hiyo wale wa sifuri ambao jeni lao limekufa wamewekwa kapu moja na wale ambao jeni lao ni zima! Sasa unalinganisha nini na nini? Mi nilipoelewa hili mara ya kwanza nilikaa kimya kwenye kiti cha maabara, nikakumbuka slaidi nilizowahi kuziandikia "hasi" nikaenda zangu kunywa chai.

Waliopita njia nyingine walipata jibu lenye nguvu zaidi kidogo. Mwaka 2007 kwenye New England Journal of Medicine, Poeta na wenzake walisoma jeni lenyewe badala ya kupaka rangi protini, wagonjwa 420 wa kansa ya kichwa na shingo waliofanyiwa upasuaji, zaidi ya nusu wakakutwa na jeni limeharibika, na wale ambao uharibifu wao ulikuwa wa kuivuruga kabisa protini walikuwa na hatari ya kufa mara 1.7 ukilinganisha na wenye jeni zima. Hiyo inaonyesha p53 sio hadithi. Lakini pia angalia, mara 1.7 ni wastani wa kundi, ukimchukua mgonjwa mmoja mkononi bado humjui yeye ni yupi.

Sasa njoo kwenye kisa ambacho kwangu mimi ndo kinaeleza kila kitu. Mwaka 2005 Panayiotis Kyzas na John Ioannidis na wenzao huko Ugiriki walichukua p53 hiyohiyo na kansa za kichwa na shingo hizihizi wakajiuliza swali la kimbea kidogo: hivi tafiti tunazoziona ndo zote? Wakakusanya kwanza zile zinazopatikana kirahisi, zilizochapishwa na kuorodheshwa vizuri kwamba zinahusu vifo, zikawa 18 zenye wagonjwa 1,364. Kwa kutumia vipimo kama kila mwandishi alivyojichagulia mwenyewe, p53 iliongeza hatari ya kufa kwa asilimia 38. Safi, habari njema, tangazeni. Wakasema ngoja, tuwawekee wote kipimo kimoja, ikashuka ikawa 27. Wakachimba wakaongeza tafiti nyingine 13 zenye watu 1,028 ambazo zilichapishwa ila habari ya vifo ilikuwa imezikwa ndani, haijaorodheshwa, ikawa 23. Mwisho wakawaandikia watafiti wenyewe wawape data ambazo hawakuwahi kuzitoa, zikaja kutoka kwenye tafiti 11 zenye watu 996, na zilipojumlishwa zote ikabaki 16, na hiyo 16 kitakwimu haiwezi tena kutofautishwa na bahati nasibu.

38, 27, 23, 16. Hakuna aliyeghushi namba hata moja. Kila mtu alifanya kazi yake, aliyepata jibu tamu akalitangaza, aliyepata jibu chachu akaliacha droo. Kyzas na wenzake wakarudi tena 2007 wakapitia mamia kwa mamia ya makala za viashiria vya kansa kwa ujumla na wakakuta zaidi ya 90% zinadai zimepata kitu cha maana, kiwango ambacho hata mganga wa kienyeji anayejitangaza kwenye nguzo za umeme hadai.

Kuna ujanja mwingine ambao wala sio ujanja, watu wanaufanya bila kujua. Unayo asilimia ya rangi kwa kila mgonjwa, unajaribu kukata kwenye 5%, haitoi kitu, unajaribu 10, unajaribu 20, unafika 35 kompyuta inakuambia hapa ndo kuna tofauti, unaandika "tulichagua 35%" na unatafuta sababu ya kuipamba. Douglas Altman na wenzake walishaonya mwaka 1994 kwamba ukitafuta mahali pazuri pa kukata namna hiyo, ule uwezekano wa kudanganywa ambao unadhani ni 5% unaweza kufika kama 40. Arobaini! Na bado leo utasoma makala mpya mwandishi anaringa kwamba ametumia "kizingiti bora".

Matokeo yake ndo haya: mwaka 2017 kwenye British Journal of Cancer watafiti wa Helsinki walipitia miaka kama 30 ya tafiti za kansa ya ulimi peke yake, ugonjwa wa mjomba huohuo, tafiti 174, wakakuta viashiria 184 vimepimwa. Rudia kusoma. Viashiria ni vingi kuliko tafiti zenyewe. Cyclin D1, E-cadherin, VEGF, EGFR, podoplanin, na ukoo wao wote, kila mtu kaja na wa kwake, na waliopitia wakahitimisha kwamba ubora wa tafiti na uandishi wake hauruhusu kutoa chochote maabara kukipeleka wodini.

Watu wananiuliza sasa kwa nini hali iko hivi, wanasayansi hawajui? Wanajua sana. Tangu 2005 kuna mwongozo unaitwa REMARK unaosema wazi mtu akichapisha utafiti wa kiashiria aeleze nini, wagonjwa wametoka wapi, kizingiti kilichaguliwaje, wangapi wamepotea njiani. Tatizo ni kwamba mwanafunzi wa masters ana muda mfupi, ana kabati lenye blok za nta za miaka ya nyuma, ana hela ya kununua kichupa kimoja cha antibodi, atachukua wagonjwa 60 atapaka rangi ataandika. Nawajua hao, nimewapakia slaidi. Kuna kitu tena hakiandikwi kwenye makala ila kila fundi wa maabara anakijua, blok ambazo baada ya miaka bado zina nyama ya kukata ni zile za uvimbe mkubwa, uvimbe mdogo uliwahiwa mapema ulishakwisha kwenye vipimo vya mwanzo, kwa hiyo "wagonjwa 60 wa kabatini" sio picha ya wagonjwa wa kweli, ni picha ya waliochelewa.

Ki-67 nisiiseme sana. Inaonyesha seli zilizo kwenye harakati za kugawanyika, jina lake limetokana na mji wa Kiel huko Ujerumani na kishimo namba 67 cha sahani ya maabara walipoipata antibodi yake miaka ya mwanzoni ya 80, napenda hiyo habari kuliko ninavyoipenda Ki-67 yenyewe. Kwenye kansa ya matiti ina nafasi yake na mabishano yake. Kwenye mdomo hakuna daktari makini atakayebadilisha matibabu kwa sababu ni 40 badala ya 25.

p16 ndo inayochanganya watu wengi mpaka na madaktari wengine. Hii kwenye kansa ya koo, namaanisha nyuma kule kwenye tonsili na shina la ulimi, ni dhahabu kweli, ikiwa chanya maana yake mara nyingi kansa imeletwa na kirusi cha HPV na wagonjwa hao wanaishi zaidi, utafiti wa Ang na wenzake wa 2010 ulionyesha baada ya miaka 3 waliokuwa na HPV walikuwa hai 82.4% na wasionayo 57.1%. Tofauti ni kubwa kiasi kwamba kitabu cha kupanga hatua za kansa, toleo la nane, kikawatenga kabisa wakawa na jedwali lao. Ila hiyo ni koo. Ulimi wa mbele, shavu, ufizi, sakafu ya mdomo, huko HPV ni nadra na mwongozo wa chama cha wapatholojia wa Marekani wa 2018 unasema wazi usipime kama kawaida nje ya koo. Mjomba uvimbe wake ulikuwa ubavuni mwa ulimi mbele. p16 hasi yake haikumwambia mtu kitu, ila familia ilishaisoma kama "amefeli".

Iliyobaki ni PD-L1, ambayo kwenye kijedwali cha mjomba haikuwepo, na hapa nataka twende polepole kwa sababu ndo protini pekee kwenye kansa hii ambayo leo inafungua mlango wa dawa. Seli ya kansa inaivaa kama kitambulisho cha bandia, askari wa kinga ya mwili akifika anaonyeshwa anapita zake. Dawa kama pembrolizumab zinaziba huo mchezo, na waliofungua njia hiyo, James Allison na Tasuku Honjo, walipewa Nobel mwaka 2018. Kwenye utafiti wa KEYNOTE-048, wagonjwa 882 ambao kansa yao ya kichwa na shingo ilirudi au ilisambaa, wale wenye alama ya PD-L1 (hesabu ya seli zilizoshika rangi yake, za kansa na za kinga, kwa kila seli mia za kansa) ya 20 kwenda juu waliopewa pembrolizumab peke yake nusu yao walivuka miezi 14.9, waliopewa matibabu ya zamani ni 10.7. Mwaka 2019 Marekani wakaipitisha, na 2025 wakaongeza kwa wagonjwa wanaoweza kupasuliwa ambao ugonjwa umeshasogea mbele kwenye eneo lake, wenye alama ya 1 kwenda juu.

Lakini hebu tazama PD-L1 inajibu swali gani. Haisemi "huyu ataishi miaka mingapi". Inasema "huyu dawa hii inaweza kumsaidia". Ni maswali mawili tofauti kabisa na watu wanayakoroga kila siku, hata kwenye makala za kitaalamu. Cha kwanza ni kama kumuuliza mzee wa baharini kesho itanyesha, cha pili ni kumuuliza nibebe mwavuli? Mgonjwa anaweza kuishi bila jibu la kwanza. La pili ndo lina faida mkononi, na ndo maana PD-L1 imeingia wodini wakati wenzake 184 bado wanazunguka kwenye majarida. Tena kwa kwetu huku nayo ina ukakasi, upimwe PD-L1 halafu dawa yenyewe huna uwezo wa kuinunua, umepimwa mwavuli wa dukani.

Na wakati protini zinagombana, unajua nini kinatabiri maisha ya mgonjwa wa kansa ya mdomo vizuri kuliko zote? Rula. Sitanii. Uvimbe umezama milimita ngapi ndani ya nyama, hiyo imeingizwa kwenye toleo la nane la hatua za kansa: milimita 5 ni mpaka, 10 ni mpaka mwingine, na uvimbe mdogo kwa kuuangalia unaweza kupanda daraja kwa sababu tu umezama. Halafu tezi za shingo, kansa ikishaingia hata kwenye tezi moja, uwezekano wa kuishi unashuka karibu nusu. Halafu kama kansa imepasua ganda la tezi ikatoka nje. Halafu kama ukingo wa nyama iliyokatwa ni safi. Hakuna antibodi hapo, ni wembe, rangi ya kawaida ya waridi na zambarau, na mpatholojia mwenye subira. Anil D'Cruz na timu ya hospitali ya Tata Memorial kule Mumbai walionyesha mwaka 2015 kwamba kwa kansa ya mdomo ya mapema ukisafisha tezi za shingo siku hiyohiyo ya upasuaji badala ya kusubiri zivimbe, baada ya miaka 3 walio hai ni 80% dhidi ya 67.5%. Nionyeshe kiashiria cha protini cha ulimi kilichowahi kuokoa watu kiasi hicho.

Hili linatuhusu sisi wa pwani kwa njia ya moja kwa moja. Dunia ilipata wagonjwa wapya 377,713 wa kansa ya mdomo na midomo mwaka 2020 na vifo 177,757, mzigo mkubwa uko Asia Kusini kwa sababu ya popoo na tumbaku ya kutafuna, na tambuu haikuishia Bombay, ilipanda jahazi ikaja Mombasa, Unguja na Dar, ikakuta ugoro upo, na siku hizi kuberi, tumbaku ya kuweka mdomoni, inauzwa kwenye vijipakti. Shirika la utafiti wa saratani la WHO lilishatangaza tangu 2004 kwamba popoo peke yake, hata bila tumbaku, inaleta kansa. Mimi nimeona vinyama vya hawa watu vikifika maabara kwenye chupa ya soda, formalini imechanganywa kwa makadirio, au kimekaa siku nzima kwenye maji ya chumvi tu kwa sababu wodini formalini imeisha. Nyama ikioza hivyo protini zinaharibika, unapaka p53 inakudanganya, PD-L1 inakudanganya, hata ile rula nayo inakudanganya maana kinyama kimekunjamana. Kwa hiyo nikisikia mtu anapanga kuleta jopo la viashiria 20 vya protini kwa ajili ya kansa ya mdomo huku kwetu, mi nauliza kwanza formalini inaisha mara ngapi kwa mwezi. Nikijibiwa ndo tuendelee na hizo 20.

Nirudi kwa binamu. Nilimpigia usiku uleule, nikamwambia mdogo wangu achana na ukurasa wa tatu, fungua wa kwanza, nisomee taratibu. Akasoma kwa kujikwaa: uvimbe umezama milimita 11. Tezi zilizotolewa shingoni 31, zenye kansa 2. Ganda la tezi halijapasuka. Ukingo safi. Pale chini kabisa kwa herufi ndogo wameandika apate mionzi baada ya upasuaji. Hayo ndo majibu ya swali lake, na hakuna mtu kwenye grupu aliyeyagusa kwa wiki zote walizokuwa wanagombania 70, kwa sababu hayana asilimia na hayana jina la kisayansi linalotisha.

Nikamuuliza, baba kafanyiwa upasuaji tarehe ngapi? Akanitajia. Nikahesabu kwenye kalenda ya ukutani nikarudia tena nisikosee, ilikuwa wiki ya tano imeanza, na mionzi baada ya upasuaji wa namna hii inatakiwa ianze ndani ya wiki sita. "Kwani kuna haraka?" akaniuliza, "si tulikuwa tunasubiri kwanza tuelewe hii p53." Nikamwambia asubuhi ikifika mpeleke mzee hospitali, hata kama hamjaelewa. Saa kumi na mbili na nusu akanitumia picha, mjomba amekaa kwenye benchi na kofia yake ya kiua, ana bahasha mkononi, mbele yake watu tisa.